WhatsApp, Telegram ao Signal? Tuanze na simu yenyewe



Ulizo linarudi kila wiki: "Tuhamie programu gani ili wasitusome?" Wengine wanasema WhatsApp imeuzwa, wengine wanasema Telegram njo ya wanamapambano, wengine wamesikia jina la Signal lakini hawajaiona ku simu ya mtu yeyote wa kartiye yao. Tumechukua muda wa kusoma (sisi wenye diplome na bila kazi, wakati njo kitu hatukosi), na jibu letu ni hili: kwa kupanga kazi, Signal. Kwa matangazo, WhatsApp inatosha. Telegram isibebe siri yoyote. Lakini hiyo ni nusu tu ya jibu, tena ile nusu ndogo.

Tuanze nayo basi. SMS na mwito wa kawaida vinapita kwa kampuni ya simu kama barua isiyofungwa, na anayeshika mitambo anaweza kuiona. Signal na WhatsApp zinafunga ujumbe ndani ya simu yako, na ufunguo wa kuufungua uko tu ndani ya simu ya yule unayemwandikia. Katikati, seva inabeba bahasha bila kujua kilichomo. WhatsApp inafanya hivyo kwa watu wote tangu Aprili 2016, tena kwa mfumo uliotengenezwa na watu wa Signal. Kwa hiyo anayesema "WhatsApp inasoma kila kitu tunaandika" anakosea. Kile inachoweza kujua ni mambo ya pembeni: nani alimwandikia nani, saa ngapi, mara ngapi, yuko ndani ya grupe gani. Kwa mtu anayetafuta nani anaongoza nini, hayo ya pembeni yanatosha sana. Na WhatsApp iko mali ya Facebook, ambayo leo inaitwa Meta, tangu 2014, kampuni inayoishi kwa kujua watu.

Signal iko chini ya shirika lisilotafuta faida. Mwaka 2016 korti moja ya Marekani, jimbo la Virginia, iliitaka itoe habari juu ya namba za simu ilizokuwa inazichunguza. Signal ilitoa vitu viwili: siku akaunti ilifunguliwa na siku ya mwisho iliungana na seva. Haikuwa ukaidi. Hawakuwa na kingine cha kutoa, sababu hawakiweki. Kwetu sisi hiyo ni hoja yenye nguvu kuliko matangazo yote, kwa maana kisichowekwa hakiwezi kuombwa wala kuibiwa. Na tangu 2024, mtu ambaye hana namba yako haioni ku Signal, unaweza kumpa jina la mtumiaji tu. Ndani ya grupe ya WhatsApp, yeyote aliyeingizwa jana anaiona namba yako leo.

Telegram njo inadanganya vijana wengi. Mazungumzo yake ya kawaida hayafungwi toka simu mpaka simu. Yanalala ku seva za Telegram, na ufunguo Telegram yenyewe iko nao. Kuna "mazungumzo ya siri" ambayo yanafungwa kweli, lakini lazima uyafungue wewe mwenyewe, mtu na mtu. Grupe za Telegram hazina siri hiyo hata kidogo. Agosti 2024 mwenye kampuni, Pavel Durov, alikamatwa Ufaransa, na mwezi uliofuata Telegram ilisema itatoa namba za simu na anwani za intaneti za watumiaji kama sheria inaomba. Ni chombo kizuri cha kupeleka tangazo kwa watu elfu kumi. Basi, kitumike kwa hiyo.

Na zile WhatsApp za rangi, GBWhatsApp na ndugu zake, zinazopitishwa toka simu mpaka simu kwa Xender? Zimetengenezwa na watu wasiojulikana, na mwenye kuichezea programu anaweza kuweka ndani yake chochote anachotaka. Toa leo.

Sasa ile nusu kubwa.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, artikle ya 31, inalinda siri ya mawasiliano ya kila mtu. Tuijue, tuitaje, tuidai. Lakini ku bariere, saa mbili ya usiku, wakati mtu wa bunduki anasema "fungua simu, onyesha WhatsApp", artikle haifungi kioo. Huku kwetu hatari ya kila siku ni huyo anayenyoosha mkono, kuliko mtaalamu wa kompyuta wa mbali. Kufunga ujumbe kunaulinda njiani. Ukishafika, umelala wazi ndani ya simu yako na ndani ya simu za wote waliopokea.

Simu zetu tena zinatembea. Kuna kartiye moto unakuja mara mbili kwa wiki, na simu inalala siku nzima kwa mwenye jenereta pamoja na zingine arobaini. Simu ikiharibika, fundi anaomba kodi "ili nijaribu kioo", tunampa. Mdogo wako anaichukua kucheza. Ya okazyo uliyonunua sokoni hujui ilitoka wapi. Na dakika moja tu inatosha mtu aunganishe WhatsApp yako na kompyuta yake kwa kupiga picha ile alama ya kodi, kiisha anasoma kila siku akiwa kwake. Fungua parametre, angalia "vyombo vilivyounganishwa". Ukiona usichokijua, kitoe. Fanya hivyo kila mara simu inarudi kutoka mikono mingine.

Njo maana ujumbe unaojifuta ni wa maana kuliko jina la programu. Ku Signal unaweza kuweka muda huo mara moja kwa mazungumzo yote mapya. WhatsApp nayo inakupa saa 24, siku 7 ao siku 90. Kwa kazi tunazofanya, siku moja inatosha, na wiki ni nyingi tayari. Hayo siku 90 ni ya watu wenye mapenzi ya mbali. Tujue pia mpaka wake: hakuzuii mtu kupiga kapture, na hakufuti kile kimekwisha kutumwa mahali pengine.

Kuna mlango mwingine watu wengi hawauoni. WhatsApp inaweza kupeleka nakala ya mazungumzo yako yote ku Google ao ku iCloud kila usiku, na nakala hiyo haifungwi kwa ufunguo wako kama hujaomba. Uwezo wa kuifunga uko tangu 2021, lakini lazima uingie uuwashe. Unaweza kuwa na tabia nzuri ku simu, na miaka mitatu ya maneno yako iko imelala kwingine. Na inatosha mmoja ndani ya grupe awe na nakala hiyo, maneno ya wote yako humo.

Hapo tunafika ku jibu la wale wanaotuambia: "Mimi sina kitu cha kuficha." Kamarade, labda wewe huna. Tamko letu linasomwa hadharani, na majina ya wanaolisoma yanajulikana. Lakini ndani ya simu yako kuna mama wa soko aliyekutumia picha ya watu wanaomtoza kodi isiyo na risiti. Kuna mwanafunzi aliyekwambia analala kwa nani wiki hii. Kuna namba ya dereva. Hao hawakuchagua kusimama mbele. Ukifungua simu yako, unafungua nyumba zao, na wao hawakuulizwa.

Grupe njo sehemu dhaifu kuliko zote. Machi 2025 wakubwa wa serikali ya Marekani walikuwa wanaongea mipango ya kupiga mabomu Yemen ndani ya grupe ya Signal, na mmoja wao akamwingiza mwandishi wa habari bila kujua. Mwandishi alisoma yote, akayatoa. Signal ilifanya kazi yake vizuri kabisa: ilimpelekea kila aliyekuwa ndani, na yeye alikuwa ndani. Kama imewafika wale wenye walinzi na wataalamu, grupe yetu ya watu 300, yenye namba kumi ambazo hakuna anayekumbuka ziliingizwa na nani, iko namna gani? Tusidanganyane, grupe ya watu 300 ni uwanja. Andika humo kile ungesema uwanjani na kipaza sauti. Grupe ya kupanga iwe na watu wanaojuana kwa uso, na admini awe na ujasiri wa kumtoa mtu. Jina lake pia: mtu akiona "Comité ya maandamano" ku kioo chako, hana haja ya kusoma zaidi.

Tunajua shida ya kuhama. Forfe nyingi tunazoweza kulipa ni za WhatsApp tu, na ukiwa na hiyo peke yake Signal inanyamaza. Hatutamwambia mtu anunue mega badala ya unga. Lakini maandishi ya Signal yanakula mega kidogo sana, ni vokale na video zinazomaliza. Wale watano sita wa kupanga ku kila seluli wanaweza kuchangiana. Wengine wabaki WhatsApp, na ujumbe unaojifuta, na PIN ya hatua mbili, na kodi ya tarakimu 6 isiyopewa mtu yeyote hata akijiita admini. Simu ifungwe na namba ndefu kuliko kidole, sababu kidole mtu anaweza kukushika akakiweka.

Na siku wanakata? Januari 2015 walikata. Desemba 2016 mitandao ilifungwa. Mwisho wa Desemba 2017, intaneti pamoja na SMS. Tarehe 31 Desemba 2018, kisha uchaguzi, intaneti ikakatwa mpaka karibu tarehe 20 Januari 2019. Siku hizo Signal na WhatsApp ni sawa: vioo vyeusi. Kuna Briar, ya Android, inayopitisha ujumbe kwa Bluetooth ao Wi-Fi bila intaneti, kati ya simu zilizo karibu. Tumeipenda, lakini karibu maana yake karibu kweli, nyumba na nyumba, si Goma na Sake. Iwekwe sasa, mega zikiwa bado ziko, na muongezane mkiwa mmekaa pamoja.

Tunachoomba seluli zote mbele ya mwisho wa mwezi: wa kupanga wahamie Signal, muda wa kufuta uwekwe siku moja, grupe ya zamani ibaki ya matangazo peke yake, na orodha zote za majina na namba zilizotumwa humo zifutwe, kila mtu ku simu yake. Wenye simu za batani hawataachwa. Kila seluli ichague mtu wa kuwapelekea habari kwa mguu, na achaguliwe kabla ya grupe kufungwa.