Ua lisilotaka ndoo ya maji

Wiki hii wanaume na visa vyao tunawapumzisha, tunaongea maua. Usinune, humu mna hela.

Kuna dada mmoja mtaani kwetu hapa Arusha anaishi kwa kupamba kumbi za harusi. Waridi alilonunua Ijumaa, Jumapili liko hoi, na hela ndo imekwenda hivyo. Nikamwambia, dada, otesha Helichrysum, ua lisilonyauka!

Waliopanda Mlima Kilimanjaro wanayajua. Yako kule juu ambako hata miti imeshakata tamaa. Moja linaitwa Helichrysum newii, jina la Charles New, mmisionari Mwingereza aliyefika kwenye theluji ya mlima huo mwaka 1871. Ila jamani, yale ni mali ya Hifadhi ya Taifa. Kuyang'oa ni kosa, na ukiyashusha kwenye joto la Dar yatakufia mikononi.

Nenda kwenye kitalu cha maua, uliza ya jamii hiyo. Utayajua kwa majani yenye manyoya laini kama sikio la sungura. Manyoya hayo ndiyo koti lake, yanapunguza maji yanayopotea. Sasa wewe unalimwagia ndoo asubuhi na jioni, halafu unalalamika limerogwa! Chomeka kidole kwenye udongo, ukiwa mkavu ndo umwagilie, tena shinani, siyo juu ya majani. Kopo la rangi litoboe chini, changanya udongo na mchanga, weka juani. Samadi nyingi ya nini? Utavuna majani matupu. Masika ikianza kunyesha, sogeza makopo upenuni, maana yakilowa siku nzima yanaoza. Ukitaka mengine, kata kitawi kichanga kisicho na ua, ondoa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga wenye unyevu.

Unachodhani ni petali siyo petali bwana, ni vijani vikavu kama karatasi. Havina maji ya kukauka, ndo maana umbo linabaki.

Kata umande ukishakauka, kabla ua halijafunguka lote, kwani litaendelea kufunguka likiwa limening'inia. Funga vishada vidogo, vichwa chini, chumba chenye giza na hewa. Siyo jikoni kwenye moshi! Wiki mbili tatu hivi yako tayari.

Dada ameshajaza makopo sita. Jana kaniuliza kama bibi harusi atakubali shada kavu. Nimemwambia amwonyeshe kwanza, bei baadaye.