Chupa Iliyofichwa Uvunguni

Katika nyumba zetu, mgonjwa wa saratani arudipo kutoka hospitali hukuta amekwisha kuandaliwa asali, habbat sauda na miadi ya hijama. Ni mapenzi hayo, wala hatuyalaumu. Tunachokihofia ni siri: chupa hufichwa uvunguni, daktari asijue.

Dawa nyingi za saratani zitolewazo kwa dripu hupunguza chembe nyeupe zinazoukinga mwili, na zile zinazogandisha damu. Hijama ya kuchanja siku hizo yaweza kuleta maambukizi, au damu isiyokatika upesi. Baadhi ya mitishamba nayo hudhoofisha dawa au huizidisha ukali.

Kisomo na dua havigombani na dripu, viendelee. Ama cha kunywa, cha kupaka na cha kuchanja, kwanza aulizwe daktari. Wala tusiahirishe tiba ya hospitali ili kujaribu mitishamba kwanza, uvimbe hausubiri.

Kutafuta tiba ni katika Sunna, na kumweleza tabibu ukweli ni amana. Basi siku ya kliniki, chupa ile na ifuatane na mgonjwa. Allah awaponye wagonjwa wetu. Amin.