Kipindi cha michezo si muda wa ziada

Na Mwandishi Wetu

Tanzania, kwa kushirikiana na Kenya na Uganda, ni mwenyeji wa Fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za mwaka 2027. Macho ya wananchi yameelekezwa kwenye viwanja vikubwa. Hata hivyo, upo uwanja mwingine unaostahili kuangaliwa kwa makini yaleyale: ule wa shule ya msingi, mahali ambapo mtoto hujifunza kuutumia mwili wake.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi ya kiasi hadi ya nguvu kwa wastani wa angalau dakika 60 kila siku, yakiwemo mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa siku zisizopungua 3 kwa wiki. Takwimu za shirika hilo zinaonesha kuwa zaidi ya asilimia 80 ya vijana wa umri wa miaka 11 hadi 17 duniani hawafikii kiwango hicho.

Msisitizo huo una sababu za kimaumbile. Mifupa hujijenga zaidi utotoni na katika ujana, na huimarika inapobeba uzito, kama vile mtoto anapokimbia, anaporuka kamba au anapocheza rede. Moyo na mapafu huzoea kazi. Stadi za kutupa, kudaka na kusimama kwa mizani, ambazo hujengwa kwa urahisi zaidi katika umri huo, humsaidia mtu kuendelea na mazoezi ukubwani na hivyo kujikinga na kisukari na shinikizo la damu. Samaki mkunje angali mbichi.

Faida haziishii mwilini. Katika mchezo wenye kanuni, mtoto hujifunza kungoja zamu yake, kutii mwamuzi na kukubali kushindwa bila chuki. Aidha, mtoto anayepata nafasi ya kunyoosha viungo hurudi darasani akiwa na utulivu zaidi wa kusikiliza.

Serikali imeliwekea jambo hili msingi. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutekelezwa Januari 2024 kufuatia Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, una somo la Sanaa na Michezo katika elimu ya msingi. Mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa shule za sekondari yameendelea kuibua vipaji, na Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, mkoani Mwanza, huandaa wataalamu wa fani hiyo.

Pamoja na hatua hizo, ni vema kutofautisha mambo mawili. Mashindano huchagua wachache walio hodari. Elimu ya michezo ni ya kila mtoto, akiwemo mwenye ulemavu, mnene, mwoga na yule asiyejua kupiga mpira. Shule inayorudi na kikombe huku wanafunzi wengi wakibaki watazamaji haijatimiza lengo la somo hilo.

Changamoto kubwa ipo kwenye ratiba. Mitihani inapokaribia, kipindi cha michezo huwa cha kwanza kutolewa kwa ajili ya masomo mengine. Mijini, baadhi ya shule zina maeneo finyu, na wasichana wengine huacha kucheza wanapobalehe kwa kukosa mavazi yanayofaa na mahali pa faragha pa kubadilishia.

Utatuzi wa mengi kati ya hayo hauhitaji fedha nyingi. Mchakamchaka wa asubuhi, kamba, mipira ya kushona kwa vitambaa na mistari iliyochorwa ardhini vinatosha kuendesha kipindi chenye manufaa. Kinachohitajika ni mwalimu mkuu kulinda ratiba, kamati ya shule kulinda eneo la wazi lisivamiwe, na mzazi kutouona mchezo kuwa upotevu wa muda. Mzazi anapokagua madaftari ya mwanawe, amuulize pia: wiki hii mmecheza nini? Jibu litamwonesha iwapo kipindi kilichoandikwa kwenye ratiba kimefundishwa.