Tamko kuhusu misitu ya Kibaha na Kisarawe katika orodha ya dunia ya hifadhi



Sisi wanachama wa chama cha vijiji vinavyopakana na misitu ya hifadhi katika wilaya za Kibaha na Kisarawe tumejadili jambo ambalo wengi wetu tulidhani ni la wataalamu peke yao, yaani namna misitu yetu inavyoandikwa, kuchorwa na kuhesabiwa katika orodha inayokusanya hifadhi za dunia nzima. Baada ya mjadala huo tumeridhia kutoa tamko hili. Msimamo wetu ni kwamba misitu yetu iwemo katika orodha hiyo, na iwemo kwa mpaka uliopitiwa kwa miguu na watu wa pande zote mbili. Mstari uliochorwa mezani na kupelekwa ng'ambo bila mwenye shamba jirani kuujua, hatuukubali.

Orodha yenyewe ina umri. Mwaka 1959 Baraza la Uchumi na Jamii la Umoja wa Mataifa liliagiza kuandaliwa kwa orodha ya hifadhi za taifa na maeneo yanayofanana nazo, na ya kwanza ikawekwa mezani katika mkutano wa kwanza wa dunia wa hifadhi za taifa uliofanyika Seattle, Marekani, mwaka 1962. Tangu 1981 kazi hiyo imekuwa ikifanywa kwa kanzidata inayojulikana kwa kifupi kama WDPA, inayoendeshwa kwa pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, na Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi, IUCN. Wanaoitunza wako Cambridge, Uingereza. Humo mna rekodi zinazokaribia 300,000, nazo hufanyiwa marekebisho kila mwezi. Kila eneo lina namba yake, jina, hadhi yake kwa sheria za nchi husika, mwaka wa kutangazwa, ukubwa, na aina ya mwenye mamlaka juu yake. Taarifa nyingi hupelekwa na serikali zenyewe.

Mkulima wa mihogo wa Mzenga ana haki ya kuuliza: Cambridge na mimi, wapi na wapi? Tunamjibu hivi. Kibaha na Kisarawe ni mlango wa kutokea bandari ya Dar es Salaam. Reli ya Kati, reli ya TAZARA, reli mpya ya SGR na barabara kuu ya Morogoro zote zinapita kwetu, na bandari kavu ya Kwala imejengwa kwetu. Mhandisi anayetafuta pa kupitisha njia ya umeme, au benki ya nje inayotaka kujua fedha zake zinakwenda kugusa nini, hafungui kwanza daftari la kijiji. Anafungua ramani hiyo ya dunia. Kama msitu haumo, kwake ni pori lisilo na mwenyewe. Kama umo kwa mpaka usio sahihi, shamba la mtu linaweza kuonekana liko ndani ya hifadhi, au kipande cha msitu kikaonekana ni eneo huru.

Haraka nayo imeongezeka. Desemba 2022, mjini Montreal, nchi za dunia zilikubaliana kwamba ifikapo mwaka 2030 asilimia 30 ya nchi kavu na asilimia 30 ya bahari ziwe zimehifadhiwa. Ripoti ya mwaka 2024 ya wanaotunza kanzidata hiyo ilionyesha kwamba dunia ilikuwa imefikia asilimia 17.6 kwa nchi kavu na maji ya ndani, na asilimia 8.4 kwa bahari. Pengo ni kubwa na miaka iliyobaki ni michache. Sisi si wapinzani wa lengo hilo. Tunachohofia ni kwamba anayekimbizana na asilimia hupenda takwimu inayopanda, na mstari mbovu huipandisha sawasawa na mstari mzuri.

Tuseme pia ni nini kinachoorodheshwa, maana wapo wanaoiona misitu hii kuwa vichaka vinavyongoja kugeuzwa viwanja. Pugu na Kazimzumbwi, pamoja na Ruvu Kusini inayogusa wilaya zetu zote mbili, ni mabaki ya msitu wa pwani uliotandaa vipandevipande kutoka kusini mwa Somalia, ukapita Kenya na Tanzania hadi Msumbiji. Kila kipande kina vyake. Wataalamu wa mimea wameipa miti miwili jina la Pugu, Baphia puguensis na Millettia puguensis, kwa kuwa ilitambuliwa kutokana na vilima hivi. Komba wa Rondo, mmoja wa komba wadogo kuliko wote, mwenye uzito wa gramu zisizozidi 100, anapatikana katika misitu michache tu ya pwani ya Tanzania, na ya kwetu imo. Mto Msimbazi, ambao Jangwani wanaujua kwa mafuriko, chimbuko lake ni vilima vya Pugu. Msitu ukiondolewa juu, habari zake zitafika Dar es Salaam kabla ya gazeti.

Na hapa ndipo tunapokubali kwamba orodha ya nchi nyingi ina faida ambayo ramani ya wilaya haiwezi kuitoa. Kuna ndege mdogo aliyepewa jina kutokana na msitu wa Sokoke, Kenya, naye amerekodiwa pia katika vilima vya Pugu. Ukitazama msitu huo wa Arabuko-Sokoke, Kilifi, peke yake, au Pugu peke yake, utaona ndege wa msitu mmoja. Ukiweka ramani za nchi zote pamoja ndipo unapoona kwamba nyumba yake imekatwakatwa, na kwamba kupotea kwa Kazimzumbwi ni hasara ya Kilifi pia. Anayetunza msitu Kisarawe anahitaji kujua kinachoendelea upande wa pili wa Namanga na ng'ambo ya Ruvuma. Kwa hilo tunawashukuru waliobuni kazi hii.

Sasa tuingie kwenye mipaka yenyewe, na tunaomba subira yenu, kwa kuwa hapa ndipo watu wanapoumia.

La kwanza ni la nukta. Eneo ambalo mchoro wa mpaka wake haujapelekwa huwekwa katika kanzidata kama nukta moja, pamoja na ukubwa uliotajwa kwenye karatasi. Wakati wa kupiga hesabu ya asilimia, wataalamu huizungushia nukta hiyo duara lenye ukubwa huohuo. Kwa takwimu ya dunia nzima njia hiyo inavumilika. Kwa kijiji haivumiliki. Msitu wa hekta 35,000, ambao ndio ukubwa wa Ruvu Kusini kwa makadirio, ukigeuzwa duara unatoa nusu kipenyo cha zaidi ya kilomita 10. Duara la namna hiyo linameza vitongoji, shule, visima na makaburi, na hapohapo linaacha nje pembe za msitu ambazo bado zina miti. Tunajua duara hilo ni la hesabu tu. Lakini picha hukopiwa, hukatwa na kubandikwa kwenye ripoti nyingine, na maelezo ya chini hayasafiri nayo.

La pili ni la msingi wa upimaji. Ramani nyingi za zamani za nchi yetu, zikiwemo za misitu, zilichorwa kwa msingi uitwao Arc 1960. Vifaa vya jipiesi vya leo, hata vile vilivyomo ndani ya simu, vinatumia msingi mwingine uitwao WGS84. Ukizichukua namba za ramani ya zamani ukazisoma katika kifaa kipya bila kuzigeuza kwanza, mstari unahama kwa kadiri ya mita 300, hasa kwa uelekeo wa kaskazini na kusini. Kwa mpaka unaokwenda mashariki na magharibi, kila kilomita moja inahamisha karibu hekta 30. Hekta 30 katika uwanda usio na watu ni jambo dogo. Upande wa Chanika, ambako jiji limekuja kuugusa msitu, hicho ni kitongoji kizima. Watu wawili waadilifu, kila mmoja na karatasi yake halali, wanaweza kusimama penye kigingi kimoja wakaitana wavamizi.

La tatu ni hadhi na majina. Pugu na Kazimzumbwi zilikuwa hifadhi mbili zilizopakana. Leo zimeunganishwa na kupandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Pugu-Kazimzumbwi. Tunaipongeza hatua hiyo. Ila badiliko kama hilo lisipofuatwa kwa makini katika orodha, rekodi za zamani hubaki kando ya ile mpya, na tahajia zikitofautiana, kama zinavyotofautiana sana kwa Kazimzumbwi, kompyuta huona misitu mitatu mahali penye mmoja.

Ruvu Kaskazini, upande wa Kibaha, inatupa fundisho jingine. Kwa sheria ni msitu wa hifadhi kama Ruvu Kusini, lakini sehemu yake ni shamba la miti ya kupandwa. Shamba hilo lina kazi yake ya heshima. Anayenunua nguzo na kuni za huko anajipunguzia haja ya kukata mkongo na mpingo wa msitu wa asili. Hata hivyo mikaratusi iliyopandwa kwa mistari haihifadhi komba wa Rondo. Anayesoma orodha aonyeshwe tofauti hiyo waziwazi.

Mwisho kuna misitu ambayo haimo kabisa, nayo ni ya vijiji. Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inakitambua kijiji kuwa na msitu wake wa hifadhi ndani ya ardhi yake, chini ya halmashauri ya kijiji, na kamati ya maliasili na sheria ndogo zake. Kanzidata ya dunia nayo ina nafasi ya hifadhi zinazotawaliwa na jamii, na baada ya mkutano wa dunia wa bioanuwai uliofanyika Sharm el-Sheikh, Misri, mwaka 2018, kuna orodha ya pili kwa maeneo yanayohifadhi viumbe vizuri hata kama hayakutangazwa hifadhi. Mlango upo, basi. Wenzetu Wamijikenda wa pwani ya Kenya wameshaupita: misitu ya makaya, iliyotunzwa na wazee kwa miiko kwa karne nyingi, ilianza kutangazwa rasmi na serikali mwaka 1992, na mwaka 2008 ikaingia Urithi wa Dunia wa UNESCO. Uzaramoni kwetu nako kuna vichaka vya matambiko ambavyo panga halijaingia. Vingine wazee hawataki vichorwe wala kutajwa, na neno lao liheshimiwe. Kuingizwa katika orodha kuwe kwa ridhaa ya mkutano mkuu wa kijiji, iliyotolewa kabla, kwa hiari, na baada ya watu kuelezwa kwa Kiswahili kitakachofuata.

Kwa hiyo tunaziomba mamlaka zinazosimamia misitu na ardhi zipange na vijiji siku za kuupitia upya mpaka wa kila msitu wa hifadhi wa Kibaha na Kisarawe, zikiwa na ramani ya tangazo la serikali mkononi, na kila kigingi kipimwe kwa msingi mmoja unaoandikwa juu ya ramani kwa herufi zinazosomeka. Nakala ibaki ofisi ya kijiji. Penye mgogoro ambao haujaamuliwa, kipande hicho kiandikwe kwamba kina mgogoro. Kisifichwe ili ramani ipendeze. Mchoro huo ndio upelekwe na serikali kwenye orodha ya dunia, ukiwa na tarehe, na uliotangulia uondolewe. Watunzaji wa kanzidata tunawaomba kwamba popote wanapotumia duara badala ya mpaka halisi, duara hilo lionekane tofauti kwa jicho la mtu asiye mtaalamu.

Kuna watu wanaouza viwanja ndani ya hifadhi kwa karatasi za kughushi, wakiwaambia wanunuzi kwamba mpaka umeshasogezwa. Tamko hili wasilitumie. Tunaposema mistari mingine ina kasoro hatusemi kwamba msitu hauna mwenyewe, na anayenunua kiwanja bila kufika ofisi ya kijiji na ya misitu ananunua kesi. Wachoma mkaa wa usiku, wa kwetu na wa kutoka jijini, nao wasione humu kibali.

Wala hatukubali mpaka uliosahihishwa uwe sababu ya kuwaamsha watu alfajiri kwa tingatinga. Ikithibitika kwamba kaya imo ndani, sheria ina utaratibu wa taarifa, usikilizwaji na, panapostahili, fidia. Ufuatwe.

Kwa upande wetu, kila kijiji mwanachama kitateua wazee wawili wanaokumbuka mpaka ulipokuwa, pamoja na vijana wawili wanaoweza kushika jipiesi, wasichana wakiwemo, wawe tayari kuwaongoza wapimaji. Mwenye ramani ya zamani, barua ya mpaka au picha ya kigingi kilichong'olewa aiwasilishe kwa mtendaji wa kijiji chake, ifanyiwe nakala, naye abaki na yake. Tutaanzia upande wa Soga na Mzenga, kwenye mpaka wa Ruvu Kusini, kisha Kisanga na Kazimzumbwi, kabla mvua za masika hazijafunga njia.

Imetolewa Kisarawe na Kamati ya Utendaji kwa niaba ya wanachama.