Singeli Yatufikia Kupitia Kampala

Mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka wa Kenya na Tanzania kufungwa, bendi za Dar es Salaam zilipata pigo ambalo leo halikumbukwi sana. Nyimbo zao zilirekodiwa na Radio Tanzania na wananchi wakazisikia hewani. Lakini santuri zenyewe, kwa sehemu kubwa, zilikuwa zikitolewa Nairobi. Aliyetaka kuushika mkononi muziki wa nchi yake alimtegemea jirani.

Inafaa jambo hilo likumbukwe kila litokapo toleo jipya la singeli. Mwaka 2017 kampuni ndogo ya muziki iitwayo Nyege Nyege Tapes, yenye makao yake Kampala, ilitoa mkusanyo uitwao Sounds of Sisso, uliotokana na kazi za vijana wa studio ya Sisso iliyoko Mburahati, Dar es Salaam. Zikafuata kazi za Bamba Pana, Jay Mitta na Duke, na mwaka 2022 mkusanyo mwingine, Sounds of Pamoja. (Jina la kampuni lisiwashtue walimu: kwa Kiganda ni hamu ya ghafla ya kucheza, ingawa kwa Kiswahili halitamkwi mbele ya wakwe.)

Vijana hao hawakungoja mitambo ya gharama. Kwa kompyuta ya kawaida huchukua kipande cha taarabu, wakakikimbiza hadi mapigo yapite 200 kwa dakika, na msanii akaghani juu yake mambo ya mtaani: mapenzi, majungu, tatizo la pesa. Watu wazima wengi husema hizo ni kelele. Ni haki yao. Mchiriku nao ulibezwa hivyo hivyo. Lakini anayehukumu hana budi asikilize kwanza, na hapo ndipo lawama inapowaangukia wenye dhamana ya utamaduni na elimu. Msikilizaji wa Ulaya anayefuatilia matoleo ya kampuni hiyo amekwisha kulijua jina la Mburahati. Je, mwalimu wa sanaa aliye mwendo wa basi moja kutoka huko anamjua hata mtengenezaji mmoja?

Kampala haistahili kulaumiwa. Kampuni hiyo iliokota kilichoachwa njiani, ikakitoa kwa santuri, kwa kanda na kwa intaneti, na majina ya vijana yakaandikwa juu yake. Hilo la majina si dogo. Kazi isiyo na jina haiwezi kudaiwa malipo, na Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, iliyoundwa kama chama chini ya sheria ya mwaka 1999, haiwezi kumtetea mtu asiyejulikana.

Kanda za zamani za Radio Tanzania zina thamani leo kwa kuwa zilihifadhiwa. Singeli nyingi zimo ndani ya kompyuta za vichochoroni. Mashine ikiharibika, wimbo umekwenda. Afisa utamaduni wa wilaya anaweza kuanza na daftari moja tu: jina la wimbo, aliyeutengeneza, aliyeghani, mtaa na mwaka. Kazi hiyo haihitaji kusubiri fungu la bajeti, na vijana wa kuulizwa wangali hai, tena wapo Mburahati.