Makato ya mkopo wa elimu yanaingia dukani

Mfanyabiashara wa Nyamigogo, na wa wilaya za Ngara na Biharamulo kwa jumla, hutegemea fedha za aina mbili: za mazao msimu unapofika, na za mishahara ya watumishi kila mwisho wa mwezi. Baina ya msimu na msimu, mwalimu na muuguzi ndio wateja wa uhakika. Hivyo makato ya mishahara yao ni habari ya soko.

Mwaka 2016 sheria ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilirekebishwa, makato yakapanda kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara wa msingi. Mwenye mshahara wa shilingi 700,000 hukatwa 105,000 kila mwezi, mbali na kodi na pensheni. Mwaka 2021 serikali ilifuta tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo. Hiyo ilikuwa nafuu kubwa kwa deni, lakini haikugusa ile asilimia 15.

Safu hii haisemi deni lisilipwe. Marejesho ndiyo yanayomsomesha mwingine. Lakini katika miaka ya 1960 mwanafunzi aliyesomeshwa na serikali alifungwa na mkataba wa kuitumikia kwa miaka 5, utumishi ulihesabiwa. Leo aliyekubali kufundisha pembezoni hukatwa sawa na aliyebaki Dar es Salaam.

Ni vyema mtumishi wa wilaya za pembezoni akatwe asilimia 8 kwa muda wote anaohudumu huko. Deni libaki lilelile, alilipe kwa muda mrefu zaidi. Ni kweli Bodi itasubiri fedha zake, na kusubiri kuna gharama. Hata hivyo gharama hiyo ni halali kwa taifa linalotaka walimu vijijini.

Aliyejiajiri naye asisahauliwe. Kwake kiwango cha chini ni shilingi 100,000 kwa mwezi, au asilimia 10 ya kipato kinachotozwa kodi. Mhitimu anayenunua maharage hapati fedha kila mwezi. Aruhusiwe kulipa kwa msimu.

Kwa sasa, msomaji mwenye duka, kabla ya kumkopesha mtumishi, usiulize mshahara wake ni kiasi gani. Uliza anachopeleka nyumbani.