Kobe wa dingi na breki za kuombea dua

Wiki hii mapenzi tunayaweka kando kidogo, nina stori ya mchuma.

Dingi alipofariki alituachia Volkswagen ya mwaka 1970, ile yenye mgongo wa kobe. Breki dramu mbele na nyuma. Mimi na ujuaji wangu nikaona haiwezekani bi harusi, tena dada yangu wa damu, apelekwe kanisani na breki za kizee. Nikatafuta diski na kalipa za mbele, fundi mmoja akafunga kwa siku moja. Ningejua!

Natoka Kimara nateremka kuelekea Ubungo, nakanyaga pedeli, inazama kama nimekanyaga mkate. Nikapampu mara tatu ndipo ikashika, mbele yangu daladala, katikati pengo la kiganja. Bi mkubwa alikuwa kiti cha pembeni. Hakusema neno mpaka nyumbani, na hapo ndipo niliogopa zaidi.

Fundi akasema ni upepo. Tukatoa upepo mpaka chupa mbili za mafuta ya breki zikaisha, pedeli laini vilevile. Akarefusha fimbo inayosukuma masta silinda, pedeli ikapanda. "Tayari, bosi!" Kilometa 5 hazijaisha, harufu ya kuungua, gari nzito kama inavutwa nyuma na kamba, ringi za mbele hazishikiki.

Nikakimbilia kwa mzee mmoja Gerezani. Hata spana hakushika. Aliinama, akacheka. "Mwanangu, kalipa ya kushoto imefungwa kulia." Kweli bwana, nipeli za kutolea upepo zilikuwa zinatazama chini. Hewa hukaa juu, kwa hiyo tungetoa upepo mpaka Krismasi. Zikabadilishwa pande, nipeli zikawa juu, upepo ukatoka, pedeli ikawa jiwe.

Gari bado inakaba. Hapa mzee akanipa somo. Gurudumu likikaza, legeza nipeli kidogo. Lisipoachia, pistoni ya kalipa imeganda. Likiachia, presha imenaswa. Langu likaachia. Akaikaza nipeli, akakanyaga breki tena, safari hii akalegeza bomba palepale kwenye masta silinda. Lisingeachia, ningenunua hozi, maana za zamani huvimba ndani zikaziba njia. Likaachia. Ugonjwa uko kwenye masta silinda.

Kwanza akairudisha ile fimbo mpaka ikabaki nafasi ya milimita 1 kabla ya kugusa pistoni. Bila nafasi hiyo, kitundu cha kurudishia mafuta kwenye kopo lake kinabaki kimezibwa. Joto likapungua, lakini halikuisha. Kumbe masta silinda ya dramu ina vali inayobakiza presha kidogo kwenye mabomba. Dramu haijali, ina springi za kurudisha shu. Diski haina, pedi zinaendelea kusugua.

Tukafunga masta silinda ya Karmann Ghia, ndugu yake kobe aliyetoka kiwandani na diski mbele. Nikazunguka Ilala nzima, nikashuka, nikashika ringi. Vuguvugu tu.

Jumamosi dada alifika kanisani dakika kumi kabla ya muda. Bi mkubwa alikuja na teksi.